Mizunguko Kumi na Nne

Hati ya mashtaka ilikuwa mezani tangu saa mbili asubuhi, ikisubiri sahihi moja tu. Mengine yote yalikuwa tayari: mhuri, tarehe ya kesho, jina la mahakama, kifungu cha sheria. Kuua kwa kukusudia. Mshtakiwa, fundi wa zamani wa mabomba ya gesi, miaka sitini na tisa. Marehemu, mwalimu mstaafu wa kike, aliyewasha kiberiti jikoni kwake Jumanne asubuhi, na nusu ya nyumba ikaondoka naye.

Inspekta Msasa aliisoma kwa mara ya tatu. Jina la Msasa mwanamke huyu alibandikwa na wenzake, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kukisugua kitu kimoja mpaka kitoe rangi ya chini. Hakulipenda, lakini hakuwahi kulikataa.

"Unatafuta makosa ya herufi?" Mkuu wa Kituo alimuuliza akiwa dirishani. Nje mvua ilinyesha bila haraka, kama mfanyakazi anayelipwa kwa siku.

"Natafuta koki, afande."

"Koki imo. Ukurasa wa pili."

Ilikuwemo kweli. Ukurasa wa pili ulikuwa taarifa ya kampuni ya mabomba, imechapwa vizuri, mistari miwili. Jumatatu mchana, fundi wa mkandarasi alifunga koki ya gesi ya uchochoro wa marehemu: mizunguko kumi na nne. Jumanne asubuhi, baada ya mlipuko, kikosi cha dharura kiliikuta koki iko wazi, kikaifunga: mizunguko kumi na nne. Kwa hiyo usiku wa katikati kuna mkono ulioifungua. Na mkono huo ulikuwa umeshapatikana. Ulikuwa wa Mzee Spana, aliyefukuzwa kazi miaka miwili iliyopita, ambaye spana ndefu ya kufungulia koki za ardhini ilikutwa chini ya kitanda chake, imefungwa kwenye gunia kama mtoto mchanga.

"Tena alitishia," alisema wakili wa kampuni. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, viatu vikavu, kana kwamba mvua ilimuomba ruhusa kwanza. "Mbele ya watu mia mbili, kwenye kikao cha hadhara cha Mamlaka ya Bei."

"Alisema nini hasa?"

"Alisema, 'Hilo bomba litaua mtu.'"

"Hilo ni tishio au ni onyo?"

"Inategemea kama mtu amekufa, Inspekta. Na amekufa."

Msasa aligeuza ukurasa. "Hii imechapwa. Kadi yenyewe ya koki iko wapi?"

"Kadi ni makaratasi ya mafundi. Sisi ofisini tunafanya kazi na nakala." Wakili alitazama saa yake. "Kesho saa tatu Mamlaka inakaa kikao cha mwisho kupanga bei mpya ya mtandao wa gesi. Hatutaki watu waje na uvumi kwamba mabomba yetu ni mabovu. Mzee ana kinyongo, ana spana, ana mdomo. Unataka nini tena, akuandikie barua?"

Msasa alifungua maelezo ya mshtakiwa. Mzee Spana alikuwa amehojiwa mara tatu, na mara zote tatu jibu lake lilikuwa moja. Ulikuwa wapi usiku wa Jumatatu? Someni kadi. Spana hii ni ya nani? Yangu, someni kadi. Uligusa koki ya uchochoro ule? Niliifunga mimi mwenyewe miaka miwili iliyopita, someni kadi. Askari aliyeandika maelezo alikuwa amepiga mstari chini ya "niliifunga mimi mwenyewe" na kuandika pembeni: *anakiri kuigusa*.

"Nipe mpaka saa kumi," Msasa alimwambia mkuu wake.

"Saa kumi kamili. Ikigonga na dakika moja, nasaini mimi."

*

Uchochoro wa mwalimu ulikuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, nyumba kumi na mbili zilizobanana mabega. Kabla Inspekta hajafika huko, msomaji ajue jambo moja, maana wakubwa wameshalisahau, na maskini akisahau naye, limekwisha.

Miaka thelathini na moja iliyopita watu wa hapo walichimba mtaro kwa majembe yao. Waliambiwa bomba la gesi linakuja na moto wa bei nafuu, na kila atakayechimba ataunganishwa bure. Walichimba mwezi mzima. Bomba likaja, bure haikuja. Sasa wakaambiwa gesi inachafua hewa, dunia inahamia umeme safi. Hakuna aliyebisha, hewa ni ya wote. Lakini waliokuwa na uwezo walihama kwanza: wakaweka nyaya, wakanunua majiko mapya, wakaliaga bomba. Bomba halikuhama. Gharama ya kulitunza ilibaki ile ile, ikagawanywa kwa waliobaki. Mzigo haukupungua hata ratili. Mabega ndiyo yaliyopungua. Na waliobaki ni wale ambao hata wakitaka kuhama, nyaya za nyumba zao haziwezi kuwasha zaidi ya taa mbili na redio.

Msasa alivuka kamba ya polisi. Uani, mdogo wake marehemu, mshonaji mwenye sindano bado zimechomekwa kifuani mwa gauni, alikuwa amechuchumaa akichambua kifusi.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Mnataka nini tena?"

"Kuangalia tu."

Jiko la gesi lilikuwa limelala ubavu kando ya ukuta, limevimba mgongo. Msasa aliinama, akavuta mlango wa oveni. Uligoma, kisha ukafunguka kwa kishindo, na kutoka ndani zikadondoka karatasi: mafungu kwa mafungu, zimefungwa kwa kamba, kingo zimeungua, katikati nyeupe.

"Hizi ni nini?"

"Mitihani. Dada hakutupa mtihani wa mtu hata mmoja. Alisema iko siku mheshimiwa fulani atakana kwamba alipata sifuri, na yeye atautoa."

"Ndani ya oveni?"

"Kwani zikae wapi? Humo panya hawafiki."

"Na akitaka kuoka kitu?"

Mshonaji alimtazama kama anayetazama mtu aliyesimama mlangoni akauliza mlango uko wapi. "Aoke kwa nini? Gesi haijafika hapa, huu mwaka wa pili. Dada alikuwa anapikia jiko la mafuta ya taa. Lile pale." Alinyoosha kidole kwenye kipande cha bati kilichojikunja.

Msasa alikigeuza kile kipande cha bati kwa ncha ya kiatu. "Mbona hamkutuambia?"

"Mlikuja mkaniuliza kama ana maadui. Mkaniuliza kama ana mume. Hakuna aliyeniuliza alikuwa anapikia nini."

Inspekta alirudi kwenye jiko la gesi. Alilisimamisha jiko, akafuta masizi kwenye swichi zake nne. Tatu zilikuwa zimefungwa. Ya nne ilikuwa imegeuzwa mpaka mwisho. Mwenye jiko lililokufa miaka miwili haangalii swichi. Huliegemea, hulipangusa vumbi, hulitundikia kikapu.

"Jumatatu jioni hamkunusa gesi?"

"Nilikaa naye humu jikoni mpaka saa mbili. Harufu ya nini? Tulinusa mvua." Mshonaji alifuta mikono kwenye gauni. "Na ada ya bomba alikuwa analipa. Kila mwezi, miaka miwili, kwa kitu kisichopita. Aliwaandikia Mamlaka ya Bei. Wakamjibu kwamba kwa mujibu wa orodha ya kampuni, bomba lake ni zima. Akaandika tena: njooni mlione. Wakamjibu kwamba orodha imeshapitishwa."

"Barua hizo zipo?"

"Zilikuwa juu ya jiko," alisema mshonaji, akarudi kwenye kifusi.

*

Boksi la koki lilikuwa mdomoni mwa uchochoro, chini ya kifuniko cha chuma kilichopakwa rangi ya machungwa, kipya mpaka kinang'aa. Nyapara wa kikosi cha dharura alikuwa anamngoja hapo akiwa na koti la mvua na spana yake begani. Mtu mnene, wa makamo, macho yake yakiwa kwenye viatu vyake.

"Vifuniko hivi ni vya lini?" Msasa aliuliza, akikata lakiri ya polisi.

"Mwezi uliopita. Mtaa mzima. Wakaguzi wa Mamlaka walikuwa waje."

"Wakaja?"

"Walikuja. Walipiga picha za vifuniko kutoka kwenye gari."

"Hawakushuka?"

"Ilikuwa inanyesha, afande."

Nyapara alikiinua kifuniko. Chini kulikuwa na shimo la kina cha mkono mmoja, na ndani yake kichwa cha koki chenye pembe nne, kimelowa. Kando yake, kwenye waya, ulining'inia mkebe wa maziwa ya unga wenye mfuniko uliopakwa lami.

"Kadi iko humo?"

"Siku zote. Kadi haiondoki kwenye boksi. Ukiigusa koki, unaandika: umezungusha upande gani, mara ngapi, imekuwaje. Anayekuja baada yako roho yake iko kwenye maandishi yako. Ofisini wanaletewa nakala, na ofisini wanachapa wanachokipenda."

Msasa alifungua mkebe. Kadi mpya, ya njano, ilikuwa na mistari miwili kwa penseli ya nta. Aliisoma kwa sauti.

"Jumatatu, saa tisa mchana. Kulia, kumi na nne. Imefungwa." Akainua kichwa. "Huyu ni nani?"

"Fundi wa mkandarasi. Tunamwita Siku Nne. Ndizo alizofundishwa."

"Jumanne, saa moja asubuhi. Kushoto, kumi na nne. Imefungwa." Alimtazama. "Huyu ni wewe."

"Ni mimi."

Mvua ilipiga kifuniko. Msasa aliishika kadi chini ya mwavuli, kidole kwenye neno moja, kisha kwenye lingine. Kwenye taarifa ya wakili hayakuwepo maneno hayo mawili. Ilikuwepo namba tu, kumi na nne na kumi na nne, sawa kwa sawa.

"Nisaidie, mimi si fundi," alisema. "Koki moja inaweza kufungwa kwa kulia na pia kufungwa kwa kushoto?"

"Haiwezi."

"Tuseme inafunga kulia. Siku Nne kaifunga. Usiku Mzee Spana kaja, kaifungua kwa kushoto mpaka mwisho. Asubuhi umekuja wewe ukaizungusha kushoto tena mara kumi na nne. Imezungukaje, wakati imeshafika mwisho?"

Nyapara alikitazama kichwa cha koki.

"Haizunguki. Basi inafunga kushoto. Na kama inafunga kushoto, Siku Nne Jumatatu hakufunga kitu. Alifungua. Usiku hakuna mtu aliyekuja hapa. Hakuna mkono wa tatu."

"Koki zote za mtaa huu zinafunga kushoto," alisema nyapara polepole, kama mtu anayeshusha gunia. "Ni za kiwanda cha zamani. Za sehemu nyingine zote za mji zinafunga kulia. Mzee Spana alikata alama tatu kwa tupa kwenye ukingo wa kifuniko, upande wa kushoto, ili hata ukija gizani, kidole kikwambie. Vifuniko vilipobadilishwa, alama zikaenda."

"Viko wapi vile vya zamani?"

"Vimeuzwa, chuma chakavu."

"Kwa hiyo ulijua tangu Jumanne."

"Nilijua nilipoweka spana."

"Na Mzee Spana yuko mahabusu."

Nyapara alijifuta uso, ingawa mvua ilikuwa inaulowesha upya. "Nina watoto wanne, afande. Kikosi kinapunguzwa watu kila mwezi; wanasema gesi inakwisha, mafundi wa nini. Niliambiwa nyamaza, nikanyamaza. Lakini kadi sikuidanganya. Mkono wangu haujui kuidanganya kadi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika."

Msasa alitaka kumwambia neno la kuchoma, akaona hapana. Mwoga aliyeacha maandishi ya kweli ana faida kuliko shujaa asiyeandika. Badala yake aliuliza lililobaki.

"Ili Siku Nne aifungue kwa mizunguko kumi na nne, lazima aliikuta imefungwa. Alitumwa kufunga koki iliyokuwa imefungwa tayari. Kwa nini?"

"Angalia chini ya mkebe."

Chini kabisa kulikuwa na kadi nyingine, imekunjwa duara, rangi imeshakuwa ya chai. Maandishi yalikuwa makubwa, yenye pembe, ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Tarehe ilikuwa ya miaka miwili na miezi mitatu nyuma. *Kushoto 14. Imefungwa. Bomba limeoza lote hadi nyumba ya mwisho. LISIFUNGULIWE.*

"Aliripoti?"

"Aliripoti kwa maandishi. Ripoti ilienda ofisini, na baada ya wiki mbili yeye akaenda nyumbani." Nyapara alitema mate pembeni. "Hesabu yao ni nyepesi, afande. Mamlaka inawaruhusu kutoza kwa kila bomba lililo zima. Na mwaka huu wameongezewa: kila bomba zima litakalofungwa ili watu wahamie umeme, kampuni italipwa fidia, na fidia inaingizwa kwenye bei ya waliobaki. Bomba bovu halina chake. Ndiyo maana kwenye orodha yao hutalikuta bomba bovu hata moja."

"Wakalihesabu zima miaka miwili, halafu wakamtuma mtu akalifunge ili walipwe tena."

"Na kadi mpya ndiyo ushahidi wa kulipwa. Siku Nne kaambiwa liko wazi, kafunge. Kaona koki inazunguka, kaamini."

Msasa alizikunja kadi zote mbili ndani ya mfuko wa nailoni. Hapo ndipo nyapara alipomshika mkono wa koti, jambo ambalo mtu wa daraja lake hamfanyii afisa.

"Afande. Leo magari yametoka tena."

"Yametoka kufanya nini?"

"Kufunga. Walisimama Jumanne na Jumatano kwa sababu ya msiba. Leo saa saba wameambiwa watoke. Kesho ni kikao. Kila koki yenye kadi mpya inahesabiwa."

"Mabomba mangapi mzee aliyafunga kabla hajafukuzwa?"

"Mimi nalijua hili moja. Mengine anayajua yeye."

*

Mzee Spana alikuwa amekaa kwenye saruji ya mahabusu, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Alikuwa mwembamba, mabega mapana, mikono haikulingana na mwili; kama alivishwa mikono ya mtu mwingine.

"Nimesoma kadi," alisema Msasa.

Mzee aliinua macho. "Ipi?"

"Zote mbili."

"Siku tatu," alisema mzee, akatikisa kichwa. "Siku tatu nawaambia. Nikasema labda siku hizi askari hawafundishwi kusoma."

"Wanafundishwa kusoma nakala. Mzee wangu, ulifunga mabomba mangapi?"

"Kwa kuoza? Tisa."

"Yako kwenye orodha kama mazima. Magari yako nje sasa hivi yanayafunga."

Mzee alisimama kwanza, ndipo akauliza. "Kwa kulia?"

"Kwa kulia."

"Bomba la miaka thelathini likikaa tupu linashika kutu mpaka ndani," alisema, akiongea haraka, huku akitafuta viatu vyake ambavyo alikuwa amenyang'anywa. "Na kutu hula harufu. Ile dawa ya uvundo wanayoitia kwenye gesi ili mtu anuse, kutu inainywa yote. Gesi inafika haina uvundo. Mtu analala nayo, anaamka nayo, anawasha kiberiti. Mwalimu hakunusa kitu, ndiyo?"

"Hakunusa kitu."

"Nipe spana yangu."

Mtunza vielelezo, mwanamke mwenye miwani na daftari kubwa, aliiweka mikono yote miwili juu ya gunia. "Kielelezo hakitoki bila sahihi ya Mkuu."

"Andika kimetoka kwa mpelelezi, kwa ajili ya jaribio."

"Na hiki?" Alimwonyesha mzee kwa kidevu.

"Andika ni sehemu ya jaribio."

Mkuu wa Kituo aliwakuta mlangoni. Ilikuwa saa tisa na robo. "Unampeleka wapi mshtakiwa wangu?"

"Si mshtakiwa, afande. Hakuna aliyesaini." Msasa alimpa nakala ya kadi zote mbili, aliyoiandika kwa mkono wake, karatasi ameiegemeza kwenye ukuta wa mahabusu. "Soma maneno, achana na namba. Halafu wapigie kampuni, waambie wasimamishe magari."

Mkuu alisoma. Alisoma tena. Alinyanyua simu, akaongea, akasikiliza, akaishusha. "Wakili anasema tuandike barua. Italetwa mezani baada ya kikao cha kesho."

"Basi tuma kila askari mwenye miguu. Wagonge milango. Mtu asiwashe kitu chochote."

Mkuu aliitazama hati iliyokuwa mezani, kisha mvua, kisha akaanza kuita majina ya askari.

*

Walijigawa. Nyapara na spana yake alipanda gari la pili la polisi kuelekea upande wa machinjio, na anwani nne alizoandikiwa kiganjani. Msasa na mzee walishika upande wa kiwanda, gari la polisi likirusha maji mpaka kwenye vizingiti vya watu. Mzee hakutumia ramani. Alisema kata, nyoosha, kata, simama.

Kwenye uchochoro wao wa kwanza kifuniko cha machungwa kilikuwa kimeinuliwa. Mwanamume mrefu mwenye ovaroli isiyomfika vifundoni alikuwa amepiga magoti, akiandika kwenye kadi ya njano. Alipoona polisi alisimama, penseli mkononi.

"Wewe ndiye Siku Nne?"

"Watu wana maneno," alisema yule mtu. "Ndiye mimi, dada. Afande."

"Umeshafunga?"

"Nimeshafunga, sasa hivi. Kulia, kumi na moja. Imezunguka vizuri, haikunisumbua hata kidogo."

"Sogea," alisema Mzee Spana.

"Mzee, hii ni kazi ya watu..."

"Sogea, mwanangu. Si kosa lako. Sogea."

Msasa hakungoja. Alikimbia kuingia uchochoroni, akigonga kila mlango kwa kiganja. "Tokeni nje. Msiwashe kitu. Taa, kiberiti, chochote. Tokeni." Watu walitoka polepole, kama watu waliozoea kuambiwa tokeni. Mzee mmoja aliuliza kama ni kodi. Mama mmoja aliuliza kama ni moto.

Nyumba ya mwisho mlango wake ulikuwa wazi. Jikoni, mwanamke mwenye mimba kubwa alikuwa ameinama juu ya jiko la mkaa, na nyuma yake jiko la gesi lililogeuzwa kabati, sahani zimepangwa juu yake kwa ukubwa. Mkono wa kushoto alikuwa na kiberiti. Mkono wa kulia alikuwa na njiti.

"Usiwashe," alisema Msasa.

Mwanamke aliganda. "Kuna nini?"

"Nipe hiyo."

"Mbona sinusi kitu?"

"Najua. Nipe."

Mwanamke alimpa. Njiti ilikuwa imelowa jasho la vidole. Msasa alimshika kiwiko, akampitisha mlangoni, akamtembeza hatua kwa hatua mpaka barabarani, na kila hatua aliisikia sauti ya mzee ikihesabu kutoka mdomoni mwa uchochoro, kavu, bila haraka, kila namba ikifuatwa na mlio wa chuma.

"Saba. Nane."

Siku Nne alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro, kichwa katikati ya mikono. Hakuna aliyemweleza, alikuwa ameielewa hesabu mwenyewe. "Jumatatu," alikuwa anasema, "Jumatatu nilizungusha ile ya mwalimu. Alinipa maji ya kunywa. Aliniuliza kama nimefundishwa vizuri."

Msasa alisimama mbele yake. Alikuwa na maswali sita kwa mtu huyu, nani alimpa orodha, nani alimwambia kadi ya zamani aikunje chini, na yote yangejibiwa kwa wino na sahihi. Hakuuliza hata moja. Alimwondolea penseli mkononi, akamwambia abaki hapo hapo.

"Kumi," alisema mzee. "Kumi na moja."

Koki ilifika mwisho. Mzee aliiegemea spana kwa uzito wake wote, akaijaribu mara moja zaidi, haikusogea. Aliomba penseli. Chini ya mstari wa Siku Nne aliandika upande, namba, hali, kwa herufi zake zenye pembe, mvua ikimdondokea shingoni. Alirudisha kadi kwenye mkebe, akaufunga mfuniko kwa kiganja.

Redio ya gari ilikoroma. Ilikuwa sauti ya nyapara kutoka upande wa machinjio, na nyuma yake ving'ora. Alisema uchochoro wa kwanza amewahi. Wa pili hakuuwahi.

Mwanamke mwenye mimba aliuliza kama anaweza kurudi ndani akachukue shuka, na Msasa akamwambia hapana.

Mzee Spana aliichomoa spana kwenye shimo, akaiweka begani, na akaanza kulirudia gari kabla hajaambiwa.

"Zimebaki ngapi upande wetu?" Msasa aliuliza.

"Tatu," alisema mzee. "Endesha."